Januarius Masele, Fundi Aliyempima Mama Mkwe kwa Mbali

Siku ya Jumanne, tarehe 11 Februari mwaka 1986, saa nne asubuhi, lori lililotoka Mwanza lilisimama mbele ya maduka ya Bariadi mjini likashusha majora ya vitambaa, vitenge, tetroni na kaki ya suruali, mbele ya macho ya watu ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wakipanga foleni kwa ajili ya doti moja ya khanga, na marehemu kaka yetu Januarius Masele, aliyekuwa ameketi barazani nyuma ya cherehani isiyo na kazi, alisimama, akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba. Alikuwa akisema kwamba mama alimzaa mara ya kwanza na lori lile likamzaa mara ya pili, ndiyo maana mimi, mdogo wake Yakobo, niliyepewa na ukoo kazi ya kusoma historia hii, nimeanza na siku hiyo kabla ya siku aliyozaliwa, na mnisamehe, sasa ninarudi nyuma.

Padri wetu, mzee katekista, viongozi wa mtaa, wakwe zetu mliotoka Nkololo, majirani, na wageni mliosafiri kutoka Mwanza na Dar es Salaam pamoja na watoto wa marehemu, Tumsifu Yesu Kristo, na wazee wangu, mwangaluka. Nitasoma polepole, kwa sababu macho yangu yamechoka kwa kulia, na pia kwa sababu marehemu hakupenda kazi ya haraka, alikuwa akisema mshono wa haraka unafumuka mbele ya wakwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Septemba mwaka 1954 katika kijiji cha Migato, ambacho leo kiko Wilaya ya Itilima na wakati ule kilikuwa chini ya Maswa, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Masele na marehemu mama yetu Milembe, na alipewa jina la Januarius kwa sababu ndiye mtakatifu wa siku ile, ingawa bibi yetu mpaka anaingia kaburini hakuweza kulitamka, alimwita Janali, na yeye akaitika. Mama yetu aliugua akafariki mwaka 1961, marehemu akiwa na miaka saba na mimi nikiwa nimeanza tu kukimbia, tukalelewa na shangazi, na ninaomba jambo hili mlishike, kwa sababu kaka yangu alikua mtu wa kucheka na kuchekesha, lakini tangu umri huo alikuwa akitafuta mama. Akina mama wa Migato waliokuwa wakimpa togwa wakipita walikuwa wakimkuta amewachotea maji bila kutumwa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1963 katika shule ya msingi ya Migato na kumaliza darasa la saba mwaka 1970, akarudi kwenye jembe la pamba na kuchunga ng'ombe wa baba, lakini ng'ombe walimshinda, kwa kuwa alikuwa akikaa kivulini kuziba kaptula zetu kwa sindano na uzi aliouchomoa kwenye gunia, na ng'ombe wakaingia kwenye mtama wa watu. Baba alichoka kuombea msamaha mtama, mwaka 1973 akampeleka misheni akajifunze ushonaji kwa bruda mmoja mzee, na huko alikaa miaka miwili, akapata ufundi, akapata kipaimara, akapata pia kikohozi cha bruda yule, kile cha kukohoa kabla ya kumwambia mteja habari mbaya.

Mwaka 1976 alihamia Bariadi, akapanga baraza la duka, akaanza kazi na cherehani ya miguu aliyonunuliwa na baba kwa kuuza dume mmoja, ambaye ukoo wetu ulimkumbuka kwa jina kwa muda mrefu. Alishona sare za shule, alishona magauni ya Pasaka, lakini ilipofika miaka ya themanini mwanzoni vitambaa vikaadimika, wakubwa wenzangu mnaikumbuka hali ile, mtu alikwenda kanisani akiwa na shati la mbele zima na mgongo wa kitambaa kingine, na fundi akabaki kugeuza kola za mashati, upande uliochakaa ndani na upande mzima nje.

Katika hali hiyo, mwaka 1980, marehemu alimwoa kimila ndugu yetu Felisita, binti wa Nkololo, mjane tunayemlilia naye leo. Baba mkwe alikubali ng'ombe na akakubali mkwe, lakini mama mkwe, Mama Nyanjige, ambaye Mungu amempa uhai na yuko hapa amekaa na kina mama kwenye mkeka, hakuridhika, na mwenyewe amenipa ruhusa niseme. Alisema mbele ya washenga, nami nikiwa mmoja wao, "Mwanaume wa kukaa kutwa nzima akikanyagakanyaga kibao, na kitambaa chenyewe hakipo, huyo atamlisha binti yangu nini? Vifungo?" Wazee walicheka, marehemu alipoambiwa naye alicheka, kisha alininong'oneza kwamba angelipa ng'ombe wengine kumi kama mama yule angemwita mwanangu hata mara moja.

Kwa wageni wetu mliotoka mbali, niwaeleze kwamba kwetu Wasukuma mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe hawazoeani, hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai kwenye mkeka mmoja, na wakikutana njiani mkwilima anaingia porini apishe, anasalimia kutoka kwenye majani akiwa ameinama, na si kwa chuki, ni heshima tu. Marehemu aliishika heshima hiyo kuliko watu wote niliowahi kuwaona, kiasi kwamba siku moja alimpisha mama wa watu asiyemjua, akachomwa na miiba, kwa sababu tu khanga ya mama yule ilifanana na ya Mama Nyanjige. Kwa hiyo mtaelewa shida yake, alimtamani mama ambaye mila inamkataza kumsogelea, na mama mwenyewe hajamkubali.

Lori lile lilipofika mwaka 1986 na kazi ikarudi, katekista alimkumbusha marehemu kwamba ni wakati wa kufunga ndoa kanisani, kwa kuwa mtoto wa kwanza alikuwa ameshazaliwa na wa pili yuko njiani. Baba mkwe alikuwa amefariki mwaka 1983, akabaki Mama Nyanjige kuwa mzazi wa upande wa bibi harusi, na padri wa wakati ule alisema ndoa itafungwa hata mama asipokuja, lakini marehemu alikataa, akasema hawezi kumchukua binti wa mtu mbele ya Mungu huku mama yake amenuna nyumbani, akanituma Nkololo nikamwombe.

Nilimkuta anabangua karanga na wenzake, nikakaa mbali kidogo, nikatoa ujumbe wangu kwa adabu.

"Huyo kaka yako bado anashona?" akaniuliza.

"Anashona, mama, vitambaa vimekuja."

"Basi anivike mimi. Asinishike, asinisogelee, asinitazame, na nguo inikae. Akiweza hilo nitasimama hapo kanisani mpaka padri achoke. Asipoweza, wafunge ndoa yao, mimi nina karanga zangu."

Kina mama wakaangua kicheko, wakajua ameweka sharti lisilowezekana, nami nikarudi Bariadi nikiwa nimeshika kichwa, lakini kaka yangu alilisikiliza sharti lile kama mtu aliyepewa oda ya kawaida. Kwanza alimpa Felisita futi kamba aende akampime mama yake, akamfundisha kifua, kiuno, nyonga, bega kwa bega, na urefu kutoka begani hadi chini ya goti, lakini Mama Nyanjige alipoona futi inakunjuliwa aliruka kutoka kwenye kigoda, akasema, "Mtu anapimwa kwa kamba mara moja tu, na siku hiyo yuko kimya. Mimi bado naongea." Felisita akarudi na futi yake, na siku chache baadaye akaenda Migato kwa shangazi yetu kujifungua.

Ndipo marehemu alipofikiria njia ambayo baadaye ilimlisha maisha yake yote, akaniambia, "Kama mwili haupimiki, tupime nguo, kwa sababu nguo inayomkaa mtu imeshampima tayari. Nenda ukamwombe gauni lake moja, lile ambalo akilivaa halikumbuki, halimbani akiinama wala halimshuki begani." Nilikwenda, Mama Nyanjige aliguna, akaingia ndani, akakawia sana, nikaletewa gauni limefungwa vizuri kwenye khanga, nikalipeleka.

Nilimwona akilipima na ninaweza kuwaeleza, kwa kuwa sikuwahi kuona mtu akiheshimu nguo namna ile. Alilitandika juu ya mkeka safi, akafunga vifungo vyote, akalilainisha kwa viganja bila kulivuta, kwa sababu alisema nguo ikivutwa inadanganya, kisha akapima kutoka kwapa hadi kwapa akazidisha mara mbili, akapima kiunoni akazidisha mara mbili, nyonga vivyo hivyo, halafu mabega, mkono, urefu, na kila palipokuwa na kipimo aliongeza kidogo, akaita kile kidogo pumzi, akisema mwenye gauni lazima apate mahali pa kupumulia na mahali pa kuchekea. Alipomaliza alikohoa kile kikohozi cha bruda.

"Yakobo," akasema, "kwani mama mkwe ni mtu mkubwa hivi?"

"Mimi huwa namkuta amekaa," nikamjibu, "na khanga mbili juu. Wewe mwenyewe huwa unamwonaje?"

"Mimi? Kila akitokea mimi naangalia majani. Siwezi kubishana na gauni."

Akakata tetroni ya samawati yenye maua meupe, akaishona kwa siku alizotaka yeye, akatia kola, akatia lisani, kile kipande cha vifungo, kifuani, nikaipeleka Nkololo mwezi wa sita, Mama Nyanjige akaipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo ndani, na tangu hapo hatukusikia neno, si la shukrani wala la lawama, na ukimya ule ulimkondesha kaka yangu kuliko ugonjwa, kwa maana mkwilima hawezi kutuma mtu kuuliza kama nguo imemkaa mama mkwe wake.

Ndoa ilipangwa Jumamosi, tarehe 23 Agosti mwaka 1986, baada ya watu kuuza pamba. Tulikuwa tumesimama nje ya kanisa, bwana harusi amejibanza upande wa mnara wa kengele ili asimkabili mkwe, Felisita amebeba mtoto mchanga mgongoni na shela kichwani, ndipo Mama Nyanjige akatokea akitembea na jirani yake Kwandu, ambaye wazee mnamkumbuka, Mungu amrehemu, mama mwenye mwili wake na moyo wake. Mama Nyanjige alikuwa amevaa gauni la samawati, naomba niseme ukweli mbele ya Mungu, gauni lilikuwa limemvaa yeye. Mabega yalifika viwikoni, kola ilikaa kama sinia, na kiunoni alikuwa amelikusanya kwa khanga akalifunga kama robota la pamba linalosubiri lori. Mimi nilimtazama kaka yangu, naye alikuwa anaangalia majani, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba mila inamkataza kutazama.

Kila mmoja wetu alikuwa analijua lile sharti, na kama mama yule angegeuka pale akarudi zake Nkololo hakuna ambaye angemlaumu. Ni Kwandu aliyesogea, akashika upindo, akageuza mshono, akapiga kelele, "Hee! Nyanjige! Hili si gauni langu la Krismasi? Limezaa!"

Hapo ndipo mambo yote yalipojulikana, kwamba Mama Nyanjige alipoombwa gauni lake linalomkaa alilitazama akaona viraka, viraka juu ya viraka, kazi ya ile miaka ya shida, akaona aibu mkwilima ashike nguo ya mama mkwe iliyo katika hali ile, akaenda kuazima gauni zuri la jirani akalituma badala yake, na gauni jipya lilipokuja likiwa na nafasi ya watu wawili hakuweza kusema, kwa kuwa angesema ni la nani lile la kwanza?

Kina mama walicheka wakashikana mabega, mwingine akaketi chini, na Felisita alilia na kucheka kwa pamoja, lakini Mama Nyanjige hakucheka, alimshika Kwandu mkono akampeleka jikoni kwa masista, na walipotoka walikuwa wamebadili nguo, Kwandu amevaa samawati na maua meupe, na limemkaa kama ngozi ya ng'ombe inavyomkaa ng'ombe, bega begani, kiuno kiunoni, na amejizungusha mbele ya kanisa lote. Mama Nyanjige naye alikuwa ametoa kwenye kikapu gauni lake mwenyewe, lile la viraka, akalivaa, akaniita kwa sauti ambayo na mnara wa kengele uliisikia.

"Yakobo, mwambie mkwilima hakukosea. Nilisema anivike bila kunishika na bila kunitazama. Yeye amemvika mtu bila kumshika, bila kumtazama, na hata bila kujua ni nani. Haya, twendeni ndani, padri anazeeka."

Alisimama mbele na viraka vyake mpaka ndoa ikafungwa, na juma lililofuata aliniletea lile gauni la viraka, safi, limefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa, nilipeleke kwa fundi. Kaka yangu alilishika muda mrefu, akasoma viraka vile kimoja kimoja, akajua mama yule alikuwa amevaa nini wakati akiuliza binti yake atalishwa vifungo, na kabla ya kukata kitambaa kipya alilishonea kwanza lile la zamani pale lilipoanza kufumuka, kisha akashona jipya kwa kipimo chake, akarudisha yote mawili. Lile jipya lilimkaa, nasema hivyo kwa sababu aliliazimisha kwa watu wengine kujionyesha, na kila mtu alimrudishia akilalamika kwamba linambana.

Mwishoni mwa miaka ile ya themanini mitumba ikaanza kuingia Bariadi kwa mabelo, na mafundi wengi waliogopa, wengine wakauza cherehani wakarudi shambani, kwa kuwa nani atashonesha gauni kama linaweza kuokotwa kwenye rundo? Marehemu naye aliogopa, hakulala vizuri, alifunga na kusali novena, kisha akachukua futi kamba yake akaenda mnadani Nkololo akakaa pembeni ya marundo kutazama watu wanavyonunua. Aliona mwanaume anaizungusha suruali shingoni, ikifika anasema imemtosha kiunoni, akaona akina mama wananunua magauni kwa kuyanyoosha hewani, maana hakukuwa na mahali pa kujaribia na hakuna mama wa kwetu atakayevua nguo nyuma ya ng'ombe, na akaona watu wanaamini namba iliyoshonwa shingoni, ambayo, kama alivyosema, iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kumwona mama wa Migato. Alirudi nyumbani anacheka, akaniambia, "Yakobo, shingo ya mkulima na kiuno chake havijawahi kuwa ndugu. Tunayo kazi."

Tangu hapo alizunguka minada ya Nkololo, Migato na Lagangabilili, na tangazo lake lilikuwa moja, njoo na nguo yako inayokukaa, mimi nitakutafutia ndugu yake. Mtu alileta gauni au suruali yake, marehemu aliitandika mkekani, akaipima, kisha akaingia kwenye rundo la mitumba akapima nguo moja baada ya nyingine mpaka apate inayolingana, au inayozidi kidogo ambayo angeipunguza palepale, na hakukubali kamwe inayopungua, kwa kuwa alisema nguo kubwa ina dawa na nguo ndogo haina. Wazee walioacha wake zao nyumbani walikuja na magauni yao kwapani, na wake hawakushikwa na mtu wala kutazamwa. Lakini kila alipopewa nguo, kabla hajaitandika, alikohoa, akauliza, "Hii ni ya nani kweli?" na swali hilo lilijulikana Bariadi yote, vijana wakamwita Ni-ya-Nani, naye akaitika kama alivyoitikia Janali. Mwaka 1991 mzee mmoja wa Lagangabilili alijibu swali hilo kwa kusema ni ya mke wangu, mkewe akiwa nyuma yake na gauni jingine mkononi, na marehemu alilazimika kuwapatanisha mpaka jioni, na mitumba siku hiyo hakuuza.

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia katikati ya miaka ya tisini na watu wakawa na fedha kwa nyakati tofautitofauti, alifungua chumba chake cha ushonaji hapa mjini, cherehani nne, akafundisha vijana wa kike na wa kiume, akashona sare za kwaya ya parokia zilizovaliwa miaka kumi na mbili bila kubadilishwa isipokuwa za sauti ya nne, ambao walinenepa.

Marehemu na mkewe walijaliwa watoto wanne, Gloria aliyezaliwa mwaka 1983, ambaye ni muuguzi, Dastan, yule aliyekwenda kwenye ndoa ya wazazi wake akiwa mgongoni, Leonidas aliyezaliwa mwaka 1990, na Shukrani aliyezaliwa mwaka 1995, ambaye ndiye aliyeketi kwenye cherehani ya baba yake, pamoja na wajukuu watano.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi wa Oktoba mwaka 2014, akatibiwa hapa Bariadi na baadaye akapelekwa Mwanza, akarudi, akaenda tena, na katika maumivu yote hayo hakuacha utani, alipoona suruali zake zinashuka alizipunguza mwenyewe akiwa kitandani, akaniambia, "Nimekuwa mtumba, Yakobo, napunguzwa nitoshe." Aliungama, akapokea Ekaristi kila Jumapili nyumbani, akapakwa mafuta matakatifu mara mbili, na mara ya pili alimwuliza padri kama ile ya kwanza ilikuwa imefumuka.

Mwezi wa Mei mwaka huu Mama Nyanjige, akiwa na miaka themanini na zaidi, alikuja kutoka Nkololo kumwuguza, na kwa kuwa hawezi kuingia chumbani mwa mkwilima, aliomba kigoda, akakiweka nje, chini ya dirisha, akaupa ukuta mgongo, na hapo alikaa kila siku kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama, akisali rozari kwa sauti ili mgonjwa aitikie kutoka ndani. Waliongea kupitia dirisha miaka thelathini na sita ya maneno ambayo hawakuwahi kuongea. Mimi nilisikia siku moja mama akiuliza, "Mkwilima, umekula?" na marehemu akajibu, "Nimekula, mama, vifungo viwili," na mama akacheka mpaka rozari ikamtoka mkononi, akasema, "Wewe! Ulikuwa unakumbuka?" naye akasema, "Nilikuwa nasubiri unizoee." Kaka yangu alifariki akiwa nyumbani, siku ya Alhamisi tarehe 16 Juni mwaka 2016, saa tatu asubuhi, mama akiwa pale dirishani katika tendo la nne la mwanga, alisema nusu ya Salamu Maria akangoja aitikiwe, akangoja, kisha akaimalizia mwenyewe.

Kwa niaba ya ukoo wa Masele ninawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na wa Mwanza waliohangaika naye, Mungu awalipe kwa usiku wote waliokesha, ninawashukuru majirani waliotupikia, vijana waliochimba kaburi kwenye ardhi hii ngumu ya kiangazi, jumuiya ndogo ndogo, kwaya, mafundi wenzake wa mjini waliofunga vyumba vyao siku tatu, wauza mitumba wa mnadani Nkololo waliokuja na shuka za mgonjwa kila mwezi bila kuulizwa ni za nani, na wakwe zetu, ambao hatuna la kuwalipa.

Nilikuwa nimeandika sala yangu mwenyewe ya kumalizia, lakini asubuhi ya leo Mama Nyanjige aliniita, akaniambia niiweke pembeni, akanitamkia yake kwa Kisukuma, nami nimeigeuza Kiswahili kadiri nilivyoweza, isipokuwa neno moja ambalo amenikataza kuligeuza, ng'wanawane, yaani mwanangu. Kaka, pumzika, kazi umeimaliza, tusimame wote tuombe.

Ee Mungu Baba, mpokee Januarius, ng'wanawane. Msamehe alipokosa, na mimi nisamehe niliyechelewa kumwita hivi. Nimesikia kanisani kwamba huko kwako hakuna kuoa wala kuolewa, basi najua na ukwe huko haupo. Mweke mahali ambapo siku nikifika nitamwona, asiingie porini kunipisha, anitazame usoni, nami nitampa mkono, na tutakaa mkeka mmoja. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.